Sumu imeua paka, panya wamerudi: tufanyeje?

"Shikamoo mtaalamu. Naishi kijijini wilaya ya Mvomero na mume wangu, watoto watatu na mama mkwe. Nyumba ni ya tofali za kuchoma, juu bati, haina dari. Mahindi tumeyaweka kwenye magunia chumba wanacholala watoto kwa sababu nje yanaibwa. Tangu tuvune panya wamezidi. Wanatoboa magunia, wanakimbizana juu ya kenchi usiku kucha, na wapo wengine wadogo chini jikoni. Nilinunua sumu ya vifuko kwa mmachinga gulioni. Mwanzoni tuliokota panya wanne, kisha paka wetu akafa, na kuku wawili, na sasa hiyo sumu hawaigusi kabisa. Mama mkwe anasema nilikosea kuitaja sumu kwa sauti ndani ya nyumba, eti panya anasikia. Wiki iliyopita mtoto wa mwisho, wa miaka mitatu, aliamka kidole cha mguu kimetafunwa, damu ipo lakini hakulia. Wanasema panya anang'ata huku anapuliza. Naomba unitajie sumu kali kuliko ile, na uniambie kama mtoto yuko salama."

Marahaba mama, na pole sana kwa mtoto. Naanza na yeye, maana mahindi yanaweza kusubiri mpaka kesho.

Kama hajafika zahanati, mpeleke leo hata kama kidonda kimekauka. Mwambie tabibu waziwazi kwamba ameng'atwa na panya, na siku gani. Ataangalia kadi ya kliniki kuona kama chanjo ya pepopunda imekamilika, na atakagua kidonda. Kuna pia homa inayoletwa na bakteria wanaoishi kinywani mwa panya. Ubaya wake ni kwamba inaweza kuanza siku tatu baada ya kung'atwa, au ikachelewa hata wiki tatu, wakati kidole kimepona na nyumba nzima imesahau. Mtoto anapata homa, viungo vinauma, pengine vipele vinatoka mikononi na miguuni. Ikitambuliwa mapema inatibika vizuri kwa antibiotiki, na ikipuuzwa inaweza kuua. Kwa hiyo akipata homa yoyote ndani ya wiki hizo, usimpe tu dawa ya malaria ukakaa. Mrudishe, na uwakumbushe habari ya panya. Kuhusu kichaa cha mbwa, ni nadra mno kwa panya kumwambukiza mtu. Mwachie tabibu aamue, wewe usikose usingizi kwa hilo. Na akijeruhiwa mwingine, osha jeraha palepale kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kama 15. Usipake majivu wala mafuta ya taa.

Hilo la kupuliza nimelisikia tangu utotoni, na watu wengi wazima wanaliamini. Panya hapulizi ganzi. Ngozi ya kisigino na ya vidole vya miguu ni nene, meno yake ni makali na anatafuna kidogokidogo, na mtoto mdogo aliyechoka analala usingizi mzito. Mara nyingi kinachomvuta ni harufu ya chakula: mchuzi uliobaki kwenye vidole, au kipande cha muhogo kilichoanguka kitandani. Kuanzia leo waoshe mikono na miguu kwa sabuni kabla ya kulala, wasile kitandani, na chandarua kichomekwe vizuri chini ya godoro pande zote. Chandarua hakimzuii panya aliyeamua, lakini kinampunguzia urahisi.

Sasa hili la mama mkwe. Alichokiona ni cha kweli, sababu yake ndiyo nyingine. Panya wa nyumbani ni mwoga wa kitu kipya. Ukiweka chakula kigeni au hata kopo mahali ambapo jana hapakuwa na kitu, anaweza kulizunguka siku kadhaa bila kuligusa. Akijaribu, anaonja kiasi kidogo sana. Sumu inayofanya kazi haraka humpata tumbo likiwa limeingiza kidogo tu: anaumwa, anapona, na tangu hapo anaijua ladha ile na kuikataa. Panya hawezi kutapika, kwa hiyo uangalifu wa kuonja ndiyo kinga yake kubwa. Wale wanne mliowaokota walikuwa wenye pupa au wenye njaa. Waliobaki ni wale walioonja wakapona, na wale ambao hawakuonja kabisa. Ndiyo maana hawaigusi tena, na wangefanya hivyohivyo hata kama ungenyamaza kimya mwezi mzima.

Kwa sababu hiyo sikutajii sumu kali zaidi. Ukali ndio uliokuharibia. Tena vile vifuko vya gulioni visivyo na lebo hatujui ndani mna nini. Baadhi ya sumu zinazouzwa kwa mtindo huo ni viuatilifu vya mashambani vilivyofungwa upya, ambavyo punje chache zinatosha kumuua mtoto. Paka wako huenda alikula panya aliyekula sumu, na kuku walidonoa chambo au masalia yake. Natumaini kuku hao hamkuwala. Kukitokea kuku amekufa kwa namna hiyo, mfukieni. Vifuko vilivyobaki usivimwage chooni wala kwenye jalala. Vifunge ndani ya mfuko mwingine, viwekwe juu mahali panapofungwa, kisha umkabidhi afisa kilimo wa kata.

Sasa hesabu ya panya wenyewe, maana ndiyo inayoeleza kwa nini kuua peke yake hakutoshi. Wale wa juu ya kenchi bila shaka ni panya paa: mkia wake ni mrefu kupita kichwa na kiwiliwili vikiunganishwa, masikio makubwa, hodari wa kupanda. Wadogo wa jikoni wanaweza kuwa vipanya wa nyumbani, au wachanga wa panya shamba waliohamia baada ya mavuno. Tazama kinyesi: cha kipanya kina urefu wa milimita tano hivi, cha panya mkubwa kinafika sentimita moja na zaidi. Wote wana mimba ya wiki tatu tu. Panya shamba huzaa watoto kumi au zaidi kwa mkupuo mmoja, na baada ya miezi michache hao watoto nao wanazaa. Ukiua nusu yao na chakula kikabaki palepale, waliobaki wanashiba zaidi, wanazaa zaidi, na wa jirani wanakuja kujaza nafasi. Panya mkubwa mmoja hula gramu 15 hadi 25 za nafaka kwa siku. Wakiwa ishirini, mnapoteza karibu kilo 12 kwa mwezi kwa kuliwa tu, mbali na zile wanazozikojolea na kuzichafua kwa kinyesi.

Mkojo huo ndio unaonitia wasiwasi kuliko hasara ya mahindi. Mnakumbuka ugonjwa uliozuka wilaya ya Ruangwa mkoani Lindi mwaka 2022, watu wakitokwa damu puani na kuanguka, mpaka Wizara ya Afya ikatangaza kuwa ni homa ya mgunda. Bakteria wake hukaa kwenye figo za panya na wanyama wengine, hutoka na mkojo, na humwingia mtu kupitia maji, chakula au michubuko ya ngozi. Watoto wanaolala juu ya sakafu inayokojolewa na panya kila usiku wamo hatarini. Kwa hiyo jambo la kwanza kabisa, hata kabla ya mtego, ni kutenganisha watoto na magunia. Umesema nje yanaibwa, nami nalichukulia hilo kwa uzito, sikuambii ujenge kihenge uani. Magunia yahamie sebuleni, au chumba cha watu wazima kama hakuna namna. Watoto na mahindi wasilale pamoja hata usiku mmoja zaidi.

Na usifagie kinyesi kikiwa kikavu, vumbi lake linaingia puani. Nyunyiza maji yenye sabuni au dawa ya klorini ya kufulia, subiri kidogo, kisha futa kwa kitambaa na uoshe mikono.

Baada ya hapo kazi kubwa ni kumnyima chakula. Gunia, liwe la katani au la nailoni, halimzuii panya hata dakika kumi. Mifuko ile ya tabaka tatu isiyopitisha hewa ni mizuri sana kwa dumuzi na fukusi, lakini panya anaitoboa, na ikishatobolewa hata wadudu wanarudi. Ninachokishauri kwa nyumba kama yako ni pipa la chuma la lita 200 lenye mfuniko unaobana, au kihenge cha bati kwa anayeweza. Pipa moja hubeba karibu kilo 140 za mahindi yaliyopukuchuliwa. Hakikisha halikuwahi kubeba kemikali wala mafuta ya mashine. Najua fedha haziji kwa pamoja. Anzeni na pipa moja la mahindi ya kula miezi inayokuja, mwakani ongezeni la pili. Magunia yatakayobaki yapangwe juu ya chaga, yasigusane na ukuta, muache nafasi ya nusu mita ili mtu apite na aone nyuma. Panya anapenda kupita akiwa amegusa ukuta na kuzaa nyuma ya vitu visivyosogezwa, hivyo nafasi hiyo inamwondolea maficho.

Lakini mahindi yakiingia kwenye pipa yakiwa mabichi, mtakuwa mmemkimbia panya mkaingia kwenye sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu wa nafaka, ambayo mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Pima kwa chumvi: chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia punje za mahindi kiasi na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa vizuri, acha dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji, yaanikeni tena. Isipoganda, yako tayari.

Unga, dagaa, karanga na mbegu za msimu ujao viingie kwenye ndoo zenye mifuniko. Vyombo vioshwe usiku uleule. Pumba za kuku zisiachwe bandani zikalala. Maji ya kunywa yafunikwe, kwa sababu kipanya anaweza kuishi kwa maji yaliyomo ndani ya chakula, ila panya paa anahitaji kunywa.

Kisha nyumba yenyewe. Siku ya kwanza, jioni, nyunyiza majivu laini kando ya kuta, mlangoni na chini ya kenchi. Asubuhi nyayo na michirizi ya mkia itakuonyesha wanapopita, utaacha kubahatisha. Kipanya hupita kwenye tundu la milimita sita tu, yaani penseli ikiingia, naye anaingia. Panya mkubwa anahitaji kama sentimita mbili.

Nyumba za tofali zenye bati bila dari zina mlango mkubwa ambao watu hawauoni: ule upenyo wa juu, bati linapokaa kwenye mtambaapanya, pamoja na mawimbi ya bati yanayoacha matundu kuzunguka nyumba nzima. Hapo ndipo panya paa wanapoingilia, na kuziba nyufa za chini peke yake hakuwasumbui hata kidogo. Wengine huziba kwa matambara au karatasi za nailoni, na hapo wamewapa vifaa vya kujengea viota. Ziba kwa vipande vya tofali na udongo uliochanganywa na saruji, na kila baada ya hatua kadhaa acha sehemu yenye wavu wa chuma wa matundu madogo ili hewa ipite. Msizibe zote, hasa kama mnapikia kuni ndani, mtaumia kwa moshi na joto. Wavu wa kuku wenye matundu makubwa haufai, kipanya anapita bila kuinama.

Mlango nao: pigilia ukanda wa bati kwa chini, upana wa kama sentimita 30, ili wasitafune ubao, na kizingiti kiinuliwe mpaka penseli isipite. Mashimo ya sakafuni na ya pembeni mwa ukuta yajazwe vipande vya chupa na kokoto kabla ya saruji, kwa maana udongo mtupu wanauchimba usiku huohuo. Kwa dharura, songomeza stilwaya ya kusugulia sufuria ndani ya tundu kisha upake saruji juu. Nje, katieni matawi ya mwembe au mpapai yanayokaribia paa, yabaki mbali kwa mita mbili. Kuni na matofali yaliyobaki yaondolewe ukutani, majani yafyekwe kuzunguka nyumba.

Mitego ifuate mara tu baada ya chakula kufichwa, maana hapo wana njaa. Nunueni ile ya kufyatuka, ya ubao au chuma. Kosa ninaloliona sana ni mtego mmoja katikati ya chumba. Weka mingi kwa pamoja, sita hadi kumi kama mnaweza kuazima kwa majirani, ikisimama kingamo na ukuta, upande wa chambo ukigusa ukuta. Kwa wale wa juu, funga mitego kwa waya juu ya mtambaapanya na kenchi wanapokimbilia. Chambo kizuri ni siagi ya karanga iliyochanganywa na pumba, au dagaa wa kukaanga, au nazi iliyochomwa. Na kwa kuwa panya wenu wameshaingiwa na woga, usiitege siku mbili tatu za mwanzo. Weka chambo tu, wazoee kula juu yake. Wakishazoea, tega yote usiku mmoja. Itegwe watoto wakishalala, iteguliwe kabla hawajaamka. Panya aliyekufa usimshike kwa mkono mtupu: vaa mfuko wa plastiki, mfukie chini.

Gundi siipendekezi. Inamshika panya akiwa hai akateseka usiku kucha, na inanasa mijusi na vifaranga. Unga wenye saruji hausaidii. Nafthalini na mafuta ya taa vinawasogeza kwa muda tu, na nafthalini inadhuru watoto wachanga.

Paka mwingine? Ndiyo, ila mkishahakikisha hakuna sumu tena popote. Paka husaidia zaidi kwa vipanya na wachanga kuliko kwa panya paa wakubwa wa kwenye kenchi, na hawezi kushinda nyumba iliyojaa chakula. Mlisheni. Ile imani kwamba paka lazima ashinde njaa ndipo awinde si sahihi: paka anawinda hata akiwa ameshiba, na aliyeshiba hakai kwa jirani. Apewe chanjo ya kichaa cha mbwa. Na kama kuna bundi anayekaa jirani na kwenu, nawaomba msimfukuze kwa mawe. Anakula panya usiku baada ya usiku bila kuwadai kitu.

Ikifika mwezi mmoja mmefanya haya yote na bado panya ni wengi, hapo sumu ina nafasi yake. Iwe ile ya polepole inayozuia damu kuganda, yenye lebo ya Kiswahili na usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, inunuliwe duka la pembejeo. Panya hufa siku tatu hadi saba baada ya kula, kwa hiyo hahusishi ugonjwa na chambo na anaendelea kula. Itiwe ndani ya kisanduku kilichofungwa chenye matundu mawili ya kupita panya, kikazwe kwa waya mahali mtoto na kuku hawafiki, iongezwe inapopungua kwa wiki mbili hivi, na mizoga iokotwe kila asubuhi. Hata hii inaweza kumuua paka anayekula panya waliokufa nayo. Mtoto akila sumu yoyote, au mkihisi tu, msimpe maziwa na msimtapishe. Kimbieni kituo cha afya na pakiti yenyewe mkononi, hata kama anacheza kama kawaida, kwa sababu hii ya polepole dalili zake huja baada ya siku kadhaa.

Majirani nao wahusishwe, maana nyumba moja ikisafishwa peke yake katikati ya nyumba kumi, wanarudi. Ongeeni kwenye kikao cha kitongoji mtege wiki moja, nyumba zote. Kwa mwakani, ukarabati wa kuta na paa ufanyike mahindi yakiwa bado shambani, kwa sababu panya shamba huzaliana kwa wingi kufuatia mvua za masika, na shamba likishavunwa wanafuata chakula kilikokwenda.

Kuna mambo ambayo hayasubiri mitego wala ushauri wa kuandikiwa. Mkiona panya wengi wanakufa wenyewe bila sumu, msiwaguse, mwambieni mwenyekiti wa kijiji na zahanati siku hiyohiyo. Milima ya Usambara, Lushoto, ilisumbuliwa na tauni kuanzia 1980 kwa zaidi ya miaka 20, na kiroboto ndiye aliyekuwa akiitoa kwa panya aliyekufa na kuipeleka kwa mtu. Mtu akipata homa kali na uvimbe wenye maumivu kinenani au kwapani, au homa yenye macho mekundu au ya njano, apelekwe hospitali bila kulala nayo.

Ninyi mna bahati ya kuwa Mvomero. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro kina kituo cha utafiti wa panya na viumbe waharibifu kilichosoma tabia za panya shamba wa mkoa huo kwa miongo. Mwombeni afisa ugani awasiliane nao kwa niaba ya kitongoji chote, awapelekee na maelezo ya nyayo mlizoziona kwenye majivu.